Neno Moja Mara 15: Ujanja Ulikufa, Neno Likabaki



Kazi yangu ya kwanza ya mtandaoni niliifanyia kitandani, kwa bedsita ya Umoja, na laptopu ya kuazima ambayo betri yake ilikuwa imekufa kitambo. Ilikuwa 2021, nimetoka tu kuacha chuo. Kulikuwa na buda mmoja pale mtaani mwenye akaunti za kuandikia makala. Yeye anapokea kazi kutoka ng'ambo, anatugawia sisi, anakata chake. Maneno 500, shilingi 150. Masharti yalikuwa mengi, lakini moja lilikuwa juu ya yote: neno kuu litokee mara 15, vile lilivyo, usibadilishe hata herufi.

Shida ni kwamba hilo "neno kuu" halikuwa neno. Kazi ilikuwa ya Kizungu, lakini nikiiweka kwa Kiswahili ilikuwa kitu kama "fundi mabomba bei nafuu Dallas". Hakuna mtu huongea hivyo. Lakini ndivyo watu huandika wakitafuta kitu Google, kwa hivyo ilibidi nilisukume ndani ya sentensi kama godoro kwa mlango wa keja ndogo. "Kama unahitaji fundi mabomba bei nafuu Dallas, basi fundi mabomba bei nafuu Dallas ndiye jibu lako." Na mimi sijawahi kuvuka Machakos.

Nilikuwa nahesabu na kidole kwa skrini. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Tuma.

Sasa juzi kijana wa ploti yetu, amemaliza kidato cha nne juzi juzi, amekuja kuniuliza kama hiyo maneno bado inafanya. Amelipa 3,000 kwa masomo ya mtandaoni, na mwalimu amemwambia siri ya kupanda Google ni kurudia neno lile lile, vile lilivyo. Nilitaka kumjibu "zii" na niendelee na chai yangu. Lakini "zii" si jibu kamili, na "ndio" ni uongo. Jibu lenyewe ni historia, na ndani yake kuna kitu ambacho kinafaa kituume sisi watu wa Eastlands. Ndiyo hii.

Abiria aliyefungwa macho

Simama tao jioni pale gari za 58 hujaza. Makanga anaita, "Buru! Buru! Buru!" Mara ya kwanza amekusaidia, umejua gari linaenda Buruburu. Mara ya ishirini hajakuongezea chochote. Hapo unaangalia mambo mengine: nauli ni ngapi, limebakisha viti vingapi, dereva ni yule wa kukimbiza ama ni mtu wa pole. Na kama jana gari liliitwa Buru alafu likakushusha Makadara, leo hata aite mpaka sauti ikauke, hupandi.

Mitambo ya kutafuta ya miaka ya 1990 ilikuwa abiria aliyefungwa macho. Inasikia kelele tu. AltaVista ilianza Desemba 1995, na kwa wakati huo ilikuwa maajabu kwa sababu ilisoma kurasa nzima na kukuletea zile zenye maneno yako. Lakini mtambo kama huo ulikuwa unategemea sana hesabu ya maneno. Neno likiwa mara nyingi, ukurasa unaonekana unahusu kitu hicho. Watu wakashika mchezo haraka. Waliandika neno moja mara mia chini ya ukurasa, kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mtambo ulione na wewe usilione. Pia kulikuwa na sehemu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa ya kuorodhesha maneno makuu. Watu walijaza huko chochote, hata majina ya masupastaa, kwa ukurasa wa kuuza matairi.

Sisi huku wakati huo? Africa Online ilikuwa imeanzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani, na intaneti ilikuwa kitu cha ofisi, na baadaye saiba, kulipa kwa dakika. Huo mchezo wa maneno ulichezwa na wengine.

Kuuliza majirani

1998 wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha Google. Wazo lao ni kitu ambacho kila mtu wa mtaa anajua. Ukitaka fundi wa friji, husomi kibao chake peke yake, kwa sababu kila fundi ameandika "bora". Unauliza majirani. Google ikahesabu viungo: kurasa zingine zikielekeza kwako, hiyo ni kama jirani amesema "huyo anajua kazi". Na jirani anayeheshimika ana uzito kuliko yule wa stori za jaba.

(Wote wawili waliacha masomo yao ya uzamifu bila kumaliza. Hiyo sijaambia mathe, atasema natafuta sababu.)

Neno halikutupwa. Bado ulihitaji kuandika "friji" ndio ujulikane ni fundi wa friji. Lakini kelele zilianza kupoteza thamani.

Sasa angalia tarehe zetu vizuri. Google ilifungua ofisi Nairobi 2007. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, na tukaanza kutoka kwa intaneti ya setilaiti iliyokuwa ghali na ya kujikokota. Ndipo kazi za kuandika mtandaoni zikapata nafasi ya kuingia mitaani. Na Septemba ya mwaka huo huo wa 2009, Google ikatangaza wazi kwamba ile orodha iliyofichwa ya maneno makuu haiitumii kabisa kupanga kurasa.

Manze, soma hiyo tena. Mwaka tuliopata nyaya ndio mwaka ujanja wa kwanza ulitangazwa rasmi kwamba umekufa. Tulifika kwa harusi wakati watu wanaosha sufuria. Na bado kuna mtu alitusimamia mlangoni akatuuzia tiketi.

Miaka kumi ya kufunga milango

Baada ya hapo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Februari 2011 kukaja mabadiliko yaliyoitwa Panda. Yalilenga tovuti zilizokuwa zinatoa makala nyepesi kwa maelfu, zimeandikwa kukamata maneno tu. Google ilisema yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani. Aprili 2012 ikaja Penguin, dhidi ya viungo vya kununua na kurasa zilizoshindiliwa maneno. Septemba 2012 wakageukia majina ya tovuti. Kabla ya hapo, ukitaka kuuza viatu ungenunua anwani inayosema viatu-bei-nafuu, na jina peke yake linakubeba. Wakalegeza hiyo nguvu kwa tovuti mbovu.

2013 ikaja Hummingbird, na hapa ndipo mambo yalibadilika kwa ndani. Mtambo ulianza kujaribu kuelewa swali zima badala ya kulikatakata neno kwa neno. Oktoba 2015 tukasikia kuhusu RankBrain, sehemu inayojifunza yenyewe, ambayo ilisaidia hasa kwa maswali mapya. Google ilisema asilimia 15 hivi ya maswali ya kila siku hayajawahi kuulizwa hata mara moja. Fikiria hapo: utawekaje neno lile lile kwa swali ambalo halijawahi kuandikwa na mtu?

Alafu Oktoba 2019, BERT. Hii ilisoma maneno madogo ambayo zamani yalikuwa yanarukwa. Chukua mfano wetu. "Basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa" na "basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi". Maneno ni yale yale, hesabu ni ile ile. Mtambo wa kuhesabu unaona kitu kimoja. Wewe mwenye begi unajua ni safari mbili tofauti, na ukikosea unalala steji.

Sasa rudi kwa bedsita ya Umoja, 2021, mimi na kidole changu kwa skrini. Ilikuwa miaka kumi baada ya Panda. Nilikuwa nachimba mgodi uliofungwa na sikujua.

Kwa nini bado tulilipwa?

Hili swali lilinisumbua sana. Kama ujanja ulikufa, kwa nini mtu Marekani alikuwa anatoa pesa, ikapita kwa buda wa mtaa, mpaka ikafika kwangu ikiwa 150?

Nikaja kuona hivi. Mara 15 inahesabika. Makala nzuri haihesabiki. Yule mteja hakuwa na wakati wa kusoma makala 200 na kuamua ni gani inasaidia mtu ambaye bomba lake limepasuka usiku. Buda wa akaunti naye hakuwa anajua mabomba. Mimi hata zaidi. Lakini sote watatu tulijua kuhesabu. Ndiyo maana sheria ya mara 15 iliishi baada ya kazi yake kufa: ilikuwa imeacha kuwa ya Google, imekuwa njia ya kukagua vibarua.

Ndiyo maana pia naona kuna hatari kwa huyu kijana wa ploti. Vijana wengi Nairobi wameingia kwa kazi za mtandao. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital 2016, na hata bila mpango, kila ploti ina mtu na laptopu. Hiyo si vibaya. Vibaya ni kufundishwa sehemu ya kazi ambayo mashine inafanya bila jasho. Maneno 500 yenye kifungu kimoja mara 15, leo AI inatoa kabla sufuria ya chai haijachemka. Google nayo ilitoa mabadiliko Agosti 2022 ya kushusha kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mtambo badala ya watu, na Machi 2024 ikaweka sera dhidi ya kumwaga kurasa kwa wingi ili kupanda tu, iwe zimeandikwa na mtu ama na mashine. Tangu 2024 imeanza pia kuweka majibu ya AI juu kabisa ya matokeo, kabla hata hujafika kwa ukurasa wa mtu.

Mtu akijifunza kuhesabu tu, anashindana na kikokotoo.

Sasa, neno limekufa?

Hapana, na hapa ndipo wale wa "SEO imekufa" nao wanapotosha watu.

2023 kulikuwa na kesi kubwa Washington, serikali ya Marekani dhidi ya Google. Mmoja wa wakuu wa utafutaji wa Google, Pandu Nayak, alitoa ushahidi mahakamani. Alieleza kwamba bado kazi inaanzia kwa faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: neno hili liko kwa kurasa hizi. Mtambo unachota kwanza kurasa nyingi kwa njia hiyo, alafu mifumo mingine inazichuja na kuzipanga. Alizungumzia pia Navboost, mfumo unaokumbuka watu walibofya nini, kwa miezi 13.

Kwa lugha ya steji: neno linakuingiza kwa foleni. Halikupi kiti cha mbele. Kiti kinategemea kama abiria waliopanda jana walifika.

Hata maelekezo ya Google yenyewe yanasema utumie maneno ambayo watu wangetumia kutafuta kitu chako, na uyaweke mahali pa wazi kama kichwa cha ukurasa. Maelekezo hayo hayo yanaweka kushindilia maneno kwa orodha ya makosa. Watu huona hapo kuna mgongano. Mimi sioni. Kusema jina lako ukiingia kwa nyumba ya watu ni adabu. Kulisema mara 15 ni ugonjwa.

Sweta ya damu ya mzee

Wacha nikupe kitu nilichoona na macho yangu. Kuna mama jirani anashona sare za shule Kariobangi South. Mtu fulani alimtengenezea ukurasa kwa 8,000, na karibu kila mstari ulisema "sare za shule Nairobi". Hakupata simu hata moja ya maana. Akaniita, "Kijana wangu, wewe si unajua hizi vitu? Hebu kuja uangalie."

Tuliketi kwa cherehani yake mchana mmoja. Nikamuuliza, "Mama, wateja wakikupigia huuliza nini?" Akanitajia bila kufikiria: sweta ya saizi fulani ni pesa ngapi, inachukua siku ngapi, ukinunua kubwa unapunguziwa, zipu ya sketi ikikatika anarekebisha, nishukie wapi. Nikaandika hayo tu, na bei, na picha. "Sare za shule" ikabaki kwa kichwa na mahali pengine inapohitajika.

Lakini kuna kitu kimoja nilikosea. Kwa rangi, yeye aliniambia "damu ya mzee", nami nikaandika hivyo hivyo, Kiswahili kitamu. Januari shule zikikaribia kufunguliwa, mama mmoja akapiga kwa namba aliyopewa na rafiki, akasema alikuwa ametafuta "sweta maruni" mtandaoni akachoka. Sweta hizo zilikuwa zimening'inia nyuma yetu tukiongea! Ukurasa wetu haukuwa na neno maruni hata mahali pamoja.

Nikaliongeza mara moja, karibu na picha: sweta za maruni, yaani damu ya mzee. Baadaye simu za maruni zikaanza kuja. Siwezi kuapa ni hilo neno peke yake, Januari ni Januari. Lakini nilijifunza kwamba neno lenyewe lina kazi, mradi liwe ni neno la mteja na si la mwandishi.

Lugha yetu haihesabiki kirahisi

Na hapa kuna jambo ambalo hao walimu wa 3,000 hawatakuambia, kwa sababu masomo yao yametoholewa kutoka Kizungu.

Kwa Kiswahili neno halikai mahali pamoja. Mtu anatafuta "nitakopaje", mwingine "kukopa", "nikope wapi", "mkopo", "mikopo", "wakopeshaji". Mzizi ni mmoja, sura ni sita. Ukiamua kurudia "mkopo" mara 15, umeshika sura moja na ukurasa wako umesikika kama roboti. Ukiandika kama mtu anayemweleza mwenzake, sura zote zinajitokeza zenyewe.

Alafu kuna Sheng, ambayo wengi wanasema ilizaliwa hapa hapa Eastlands. Sheng inabadilika kabla hujamaliza kuandika. Mwenye nyumba anaandika "bedsita ya kukodisha Umoja", msee wa campo anatafuta "keja Umo". Kwa Kizungu mtambo umesoma maandishi mengi sana, unajua maneno gani ni ndugu. Kwa Sheng maandishi ni machache, na nadhani ndiyo maana neno lenyewe lina uzito zaidi huku kwetu kuliko Dallas. Yataje yote mawili, mara moja moja.

Tumeyaona haya kabla ya kompyuta. Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwachukua Waafrika maelfu kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, kikosi kikiitwa Carrier Corps. Watu hawakulikubali hilo jina vile lilivyo. Nairobi likawa Kariokor. Dar es Salaam likawa Kariakoo. Chanzo kimoja, na leo hakuna anayeuliza njia ya kwenda Carrier Corps. Jina rasmi liko kwa vitabu, na soko liko kwa jina la watu.

Kwa hivyo kijana wa ploti, jibu langu ni hili. Tafuta neno ambalo mteja anasema na mdomo wake. Liweke kwa kichwa, lionekane. Alafu sahau kuhesabu, mjibu swali lake mpaka asiwe na haja ya kuuliza mwingine. Uende uketi kwa cherehani ya mtu, kwa duka la mtu, usikie watu wanaulizaje. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo bado inahitaji mtu wa mtaa.

Nilimtumia hii kabla ya kuiweka hapa. Akasoma yote, akanijibu: "Poa bro. Sasa 3,000 yangu je?"

Hiyo sikuwa na jibu.